Nimepimwa mwili mzima kwa dakika chache, nikaacha dawa za presha. Nifanyeje?

Shikamoo Shangazi,

Naomba usinitaje jina. Nina miaka 47, mama wa watoto watatu, naishi Mbagala na nauza mitumba ya watoto pale Tandika.

Presha niligundulika nayo mwaka juzi, nilipokwenda kupima macho. Nikaandikiwa amlodipini, baadaye wakaniongezea losatani. Nimekuwa nikimeza kwa kusuasua: nikijisikia vizuri naacha, kichwa kikigonga narudia. Tangu nianze amlodipini miguu inavimba jioni, viatu havinitoshi. Mgongo nao ni taabu nyingine, maana marobota nanyanyua mwenyewe. Duka la dawa la jirani wananipa diklofenaki, nameza asubuhi na usiku, ni miezi mingi sasa. Usingizi sina. Saa nane usiku nashtuka nimelowa jasho, moyo unakwenda mbio, halafu nalala macho mpaka adhana ya alfajiri.

Kinachoniumiza zaidi, Shangazi, ni kwamba kila ninapokwenda natazamwa kipande. Wa presha wananifunga mkono, wanaandika, hata dakika tano hazijafika nimeshatoka. Wa mgongo alinipiga picha akasema pingili zimechakaa kidogo. Wa macho alinipa miwani. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza ninalala vipi au nyumbani kuna nini.

Mwezi uliopita shoga yangu alinipeleka kituo kimoja kimeandikwa mlangoni kwamba ni tiba jumuishi, wanatibu mwili mzima. Nilipokewa vizuri, nikapewa maji, dada mmoja akanisikiliza karibu saa nzima mpaka nikatokwa machozi. Kisha nikashikishwa kifimbo cha chuma chenye waya ulioingia kwenye kompyuta. Baada ya dakika chache zikatoka karatasi: figo zimechoka, ini lina mafuta, mishipa imeziba, mwili umejaa sumu. Wakaniambia vidonge vya hospitali ndivyo vinavyoua figo zangu, na ushahidi ni hiyo miguu. Nikapangiwa virutubisho na dawa ya miti shamba ya kunywa, jumla laki sita na themanini. Nimetoa laki mbili na nusu, nyingine wanaitaka mwisho wa mwezi. Vidonge vya presha nimeacha, hii ni wiki ya pili. Wananishauri nipige na hijama.

Mume wangu hana kazi tangu mwaka jana. Hajui kwamba nimekopa kausha damu kwa ajili ya ada ya mtoto na hiyo dawa. Mama mkwe anasema nimerogwa na watu wa sokoni. Yeye enzi zile alikwenda Loliondo kunywa kikombe na mpaka leo anaapa kilimponya.

Juzi nimepima duka la dawa, ikaja 172 kwa 104. Kisogo kinauma. Je, hii tiba ya mwili mzima ni kweli, au nimeliwa? Nibaki na hospitali au nihamie dawa za asili?

Mama wa Mbagala

*

Marahaba mwanangu. Pole sana, na ahsante kwa kuniamini.

Kabla ya mengine yote, kesho asubuhi usifungue meza. Nenda kituo cha afya kilicho karibu nawe, pima presha tena, na uwaambie wazi kwamba umeacha dawa wiki mbili. 172 kwa 104 pamoja na kichwa kuuma si jambo la kusubiri mwisho wa wiki. Wakikuambia urudie dawa zako, rudia hiyo hiyo kesho. Na kama kabla ya hapo utaona uso umevutwa upande mmoja, mkono au mguu umelegea, ulimi unakuwa mzito, macho yanaingia giza, kifua kinabana au pumzi haitoshi, usipime kwanza wala usimsubiri mtu. Amsha nyumba, mkodi bajaji au chochote kilichopo, mwende hospitali usiku huo huo. Kiharusi hakingoji kukuche.

Haya, sasa tuzungumze.

Umeuliza kama tiba ya mwili mzima ni kweli. Ni kweli, na ulichokililia kwenye barua yako ndicho hicho. Shirika la Afya Duniani, tangu katiba yake ianze kufanya kazi mwaka 1948, linasema afya ni ustawi kamili wa mwili, akili na maisha ya mtu pamoja na wenzake, wala si kukosa ugonjwa tu. Mwaka 1977 daktari mmoja wa Marekani, George Engel, aliwaandikia wenzake kwamba udaktari unaotazama kiungo kilichoharibika peke yake, bila kumtazama mtu, hofu zake na nyumba anayotoka, unaacha nje sehemu kubwa ya ugonjwa wenyewe. Mwaka 1994 katika Chuo Kikuu cha Arizona kilianzishwa kitengo cha kufundisha madaktari tiba jumuishi, chini ya Andrew Weil. Wanaofundishwa humo ni madaktari waliokwisha kuhitimu. Wanajifunza kuongezea lishe, usingizi, mazoezi, utulivu wa akili na baadhi ya tiba za asili juu ya tiba ya hospitali. Hilo neno "juu ya" lishike sana. Anayeanza kwa kukuachisha dawa ya presha amechukua jina la kazi hii akaiacha kazi yenyewe.

Ile saa nzima uliyosikilizwa sitaidharau. Ulilia kwa sababu ulikuwa umebeba mambo mengi na hukuwa umepata wa kukutua mzigo. Huduma za hospitali zetu zina deni kwako hapo. Daktari mwenye foleni iliyojipanga tangu alfajiri hana nafasi ya kukuuliza unalala vipi, na najua wengi wao inawauma. Lakini kusikilizwa vizuri na kupimwa vizuri ni vitu viwili. Kule ulipata cha kwanza, ukauziwa cha pili ambacho hakikuwepo.

Kifimbo cha kushika mkononi hakipimi figo. Figo hupimwa kwa damu, kipimo cha kreatinini, na kwa mkojo, kuona kama unavujisha protini. Ini hupimwa kwa damu, na mafuta yake huonekana kwa utrasaundi. Mishipa iliyoziba haijulikani kwa kushika chuma kiganjani. Na hiyo sumu waliyoiona, waulize ni sumu gani, ina jina gani, ni kiasi gani kwenye damu. Kama haina jina, hakuna kitu kilichopimwa. Hapa nchini vifaa tiba husajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, kwa hiyo una haki ya kuwauliza usajili wa mashine yao bila kuona haya. Zile laki nne na zaidi zilizobaki usizipeleke. Omba risiti ya ulizotoa, chukua na zile karatasi zao uziweke vizuri.

Miguu yako sasa. Walikuambia ni figo, ukaogopa, na nani asingeogopa? Lakini kuvimba miguu jioni ni jambo linalojulikana sana kwa watumiaji wa amlodipini. Dawa hiyo inalegeza mishipa midogo ya damu ili presha ishuke, na kwa baadhi ya watu maji huchuruzika kidogo kutoka kwenye mishipa hiyo na kutuama vifundoni, hasa kwa mtu anayesimama au kukaa kutwa sokoni. Daktari akiambiwa anaweza kupunguza kipimo au kubadilisha dawa. Tena losatani uliyoongezewa, ikinywewa sawasawa, kwa watu wengine husaidia kupunguza uvimbe huo. Hukumwambia mtu, nao hawakukuuliza. Hata hivyo figo zako nataka zipimwe kweli kweli, kwa sababu nyingine kabisa.

Sababu hiyo ni diklofenaki. Mwanangu, katika barua yako yote hakuna kilichonishtua kama hicho. Dawa za maumivu za kundi hilo hufanya mwili ushike chumvi na maji, hupandisha presha, na hupunguza nguvu za dawa yenyewe ya presha. Kwa mtu mwenye presha anayezimeza asubuhi na usiku miezi mingi, zinaweza kuumiza figo na kutoboa tumbo. Pengine wa presha alikuongezea losatani akidhani ya kwanza imeshindwa, kumbe upande wa pili kulikuwa na kidonge kinachoivuta presha juu kila siku, na hakijaandikwa kwenye daftari lolote la kliniki. Iache. Kwa maumivu, muulize daktari kuhusu parasetamoli kwa kipimo chake.

Unaona sasa namna mwili mzima unavyotakiwa kutazamwa? Mgongo ulikupeleka duka la dawa, duka la dawa likaipandisha presha, presha ikakuongezea vidonge, kidonge cha kwanza nacho kikavimbisha miguu, na miguu ikakupeleka kwa mwenye kifimbo. Kila mtu alishika kipande chake kwa nia njema, na hakukuwa na mmoja mwenye uzi wote. Uzi huo kwa sasa utaushika wewe.

Chukua mfuko, weka ndani kila kitu unachomeza: vidonge vya presha, pakiti ya diklofenaki, makopo ya virutubisho, chupa ya miti shamba, hata unga au majani uliyopewa na jirani. Chukua daftari la mtoto lisilotumika. Ukurasa wa kwanza andika magonjwa yako na mwaka ulipogundulika nayo, dawa unazoandikiwa na dawa unazojinunulia. Kurasa zinazofuata ni za presha. Pima asubuhi na jioni kwa wiki moja, kama utapata mashine ya kuazima au duka la dawa linalokupimia. Kaa kwanza dakika tano, mgongo umeegemea, miguu yote chini, mkono umelala mezani usawa wa moyo, kibofu kitupu, na usizungumze. Anayepima mara tu aliposhuka kwenye daladala la Rangi Tatu, amebeba mzigo, anapima na safari yake pia. Andika namba zote, nzuri na mbaya.

Kliniki, dakika ni chache, kwa hiyo usianze na mgongo ukaishia kwenye macho. Fungua mfuko mezani, useme hivi: "Daktari, hizi ndizo dawa zangu zote. Hizi niliacha wiki mbili kwa kuogopa figo. Hii ya maumivu nimeinywa miezi mingi. Miguu inavimba, na usiku silali kwa jasho. Naomba figo zangu zipimwe." Maneno hayo ni machache na hakuna daktari atakayeyasikia akabaki kukuandikia tu vidonge vilevile. Vipimo vya kuulizia ni kreatinini, potasiamu, mkojo, sukari na mafuta ya damu, na moyo kwa kile kipimo cha umeme, ECG. Kama kituo cha karibu hawana vyote, omba rufaa, kwa upande wenu ni Temeke. Na chagua sehemu moja urudi hapo hapo kila mara. Mgonjwa anayezunguka kliniki tano ana mafaili matano, na hakuna faili hata moja linalomjua.

Kuna jambo hukuulizwa popote, hata na yule dada aliyekusikiliza saa nzima. Hedhi yako ikoje? Una miaka 47. Wanawake wengi hedhi hukoma kati ya miaka 45 na 55, na miaka michache kabla yake huja joto la ghafla, jasho la usiku, moyo kwenda mbio, usingizi kukatika, na hasira isiyo na kichwa wala miguu. Mama zetu waliyapitia kimya kimya na sisi tukadhani ndiyo heshima. Kama siku zako zimeanza kupishana, mwambie daktari, kwa sababu kuna msaada. Lakini usijihukumie mwenyewe kwamba ni hilo tu. Jasho la usiku linaweza pia kuwa kifua kikuu au tezi ya shingo, kwa hiyo kama unakohoa, umepungua bila kutaka au una homa za jioni, sema. Kipimo cha kifua kikuu katika vituo vya serikali ni bure. Na muulize mume wako kama unakoroma na kukatika pumzi usingizini. Wenye tatizo hilo presha yao huwa ngumu kushuka.

Chakula nitapita haraka, maana unajua mengi. Shirika la Afya Duniani linashauri chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, ikiwemo iliyofichwa kwenye mkate, karanga za chumvi na viungo vya pakiti vya kutilia mchuzi. Ila kuna moja hatulisemi: magadi. Maharage ya magadi, makande ya magadi, na wengine wanakoroga magadi wakinywa kwa ajili ya kiungulia. Magadi yana sodiamu tele, ile ile iliyomo kwenye chumvi, na mwili hautofautishi. Loweka maharage usiku kucha, yataiva bila magadi. Mchicha, tembele, dona, matunda ya msimu, dagaa waliooshwa chumvi ikatoka, hivyo ni vyakula vya presha na vyote vipo sokoni kwako. Utafiti mkubwa uliochapishwa Marekani mwaka 1997 ulionyesha kwamba ulaji wa mboga, matunda na maziwa yasiyo na mafuta mengi hushusha presha ndani ya wiki chache. Chumvi mbadala za madukani usizinunue mpaka figo zipimwe, kwa sababu nyingi zina potasiamu, na losatani nayo huipandisha potasiamu.

Mgongo. Pingili kuchakaa kidogo katika umri wako ni kitu cha kawaida, wapo wanaoonekana hivyo kwenye picha na hawaumwi popote. Mwaka 2017 chama cha madaktari bingwa wa magonjwa ya ndani cha Marekani kilitoa mwongozo kwamba maumivu ya kawaida ya kiuno yaanze kutibiwa bila dawa: joto, kukandwa, mazoezi, hata sindano za Kichina kwa wanaoweza kuzipata. Kwa hiyo kukandwa kwa maji ya moto na kuchuliwa kwa mafuta, mambo ya bibi zetu, hayakuwa upuuzi hata kidogo. Omba upelekwe kwa wa fiziotherapia akufundishe mazoezi ya kukaza kiuno na tumbo, halafu uyafanye nyumbani. Robota mlipe kijana wa mkokoteni. Asubuhi shuka vituo viwili kabla ya Tandika utembee. Ukifikisha dakika 150 za kutembea haraka haraka kwa wiki, umeutibu mgongo, presha na usingizi kwa nauli ile ile. Lakini ukihisi ganzi sehemu za siri, mkojo unakutoka bila kujua, au mguu unakosa nguvu, hiyo si ya kuchua, ni hospitali siku hiyo hiyo.

Hijama je? Kwa maumivu ya mgongo wapo wanaopata nafuu ya muda, na kwa Waislamu ina nafasi yake katika dini, siigusi hiyo. Ila haichukui nafasi ya dawa ya presha, na presha ikiwa 172 usiende kabisa. Ikishatulia ukaamua kwenda, wembe ufunguliwe mpya mbele ya macho yako na vikombe visiwe vya kupokezana damu. Homa ya ini na virusi vya Ukimwi vinapita kwenye wembe mmoja tu.

Tuje kwenye swali lako la kuchagua, hospitali au asili. Mimi sitaki uchague. Nchi yetu yenyewe haikuchagua. Muhimbili kumekuwa na kitengo cha kutafiti dawa za asili tangu mwaka 1974, leo ni taasisi kamili ya tiba asili. Tuna Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, na baraza linalosajili waganga na dawa zao. Ile dawa ya mseto tunayomeza kwa malaria, iliyoanza kutumika kwetu mwaka 2006, kiini chake kimetoka kwenye mmea uliotumiwa China karne nyingi, na Tu Youyou aliyekiibua akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Lakini angalia njia iliyopita: walitafuta kiini, wakakipima, wakajua kiasi cha mtoto na cha mtu mzima, wakajua kinapatana na nini. Chupa yako ya laki kadhaa haikukuambia hata ndani mna majani gani. Muulize mwenye kituo cheti cha baraza na usajili wa dawa hiyo. Mganga wa kweli haoni vibaya kuulizwa, na hakukatazi kwenda hospitali.

Chai ya choya, bila sukari nyingi, kunywa, tafiti zimeonyesha inashusha presha kidogo. Kitunguu saumu kwenye mboga, tia. Ila usihamie kwenye vidonge vyake vizito bila daktari kujua, maana vinaongeza hatari ya damu kutoganda ukiwa unameza aspirini au dawa za kuyeyusha damu. Kila cha asili unachotumia, daktari akijue. Na kila cha hospitali, mganga akijue.

Mama mkwe wako usibishane naye. Mwaka 2011 watu walijaa barabarani kwenda Samunge, huko Loliondo, kwa Babu Ambilikile Mwasapila, kikombe shilingi 500, na waliokwenda walikuwa na shida za kweli, hawakuwa wajinga. Wapo waliorudi na moyo mwepesi. Wapo pia walioacha ARV na dawa za kisukari kwa kuamini wameshapona, na familia zao zinajua kilichofuata. Mwambie kwa adabu: "Mama, dua naipokea, niombee kila siku, na dawa nameza." Kama kusali kunakutuliza moyo, sali, hiyo nayo ni sehemu ya mwili mzima. Bali habari ya kurogwa na wenzako wa sokoni itakupotezea mashoga unaowahitaji mwaka huu kuliko mwaka mwingine wowote.

Nimeacha la mwisho lile uliloliandika kwa mstari mmoja. Mkopo. Unashtuka saa nane usiku, moyo mbio, unawaza mpaka alfajiri. Hata ningekuwa na dawa bora ya presha duniani, marejesho ya kausha damu yangebaki pale pale asubuhi. Deni la siri linauma mwilini. Usikope kwingine ili ulipe hapo. Andika kwenye daftari lako lile lile: ulikopa kiasi gani, umerudisha kiasi gani, riba ni ngapi. Waulize leseni yao, kwa sababu tangu sheria ya huduma ndogo za fedha ya mwaka 2018 wakopeshaji wanatakiwa kuwa na leseni. Asiye nayo, nenda naye serikali ya mtaa ukiwa na maandishi yako. Kisha ulizia kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata kuhusu mikopo ya halmashauri isiyo na riba. Asilimia 10 ya mapato ya ndani hutengwa, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa wenye ulemavu. Inataka kikundi kilichosajiliwa, nawe sokoni una wenzako.

Na kama mbali na deni unaona hakuna kinachokufurahisha tena, unalia bila sababu, au umewahi kuwaza ni heri usingekuwepo, hiyo inaweza kuwa sonona, na ni ugonjwa kama presha ulivyo. Mwambie daktari siku hiyo hiyo. Hapo katikati tafuta mtu mzima mmoja wa kuzungumza naye kila wiki. Harare, Zimbabwe, tangu mwaka 2006, daktari wa akili Dixon Chibanda amekuwa akiwafundisha bibi wa mitaani kukaa kwenye benchi na mtu mwenye mawazo, wakimsikiliza na kutafuta naye jambo moja la kuanza kulitatua. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha waliokaa na bibi hao walibaki na dalili chache za sonona kuliko waliopata huduma ya kawaida. Kuna mama gani wa makamo hapo mtaani unayemwamini? Anza na huyo.

Mume wako mwambie, wiki hii. Chagua jioni watoto wakiwa wamelala, mwonyeshe daftari, mwanzo hadi mwisho, presha na deni. Atakasirika, pengine atanyamaza siku mbili. Kisha mwombe mwende kliniki wote, naye apimwe presha na sukari, mwanaume aliyekaa bila kazi mwaka mzima naye ana yake moyoni. Mwombe akubebee mfuko wa dawa, na wewe ukimsimulia daktari yeye aandike majibu, maana mgonjwa akiwa mbele ya daktari nusu ya maneno hupotea. Majibu ya figo yakitoka niandikie tena, uniambie na namba za presha za wiki ile.

Shangazi